Mraba ni mstatili: tuwafundishe watoto kupanga maumbo kwa sifa zake

#1 Mwl_Ilemela (mtoa mada)

Wakuu, mwangaluka.

Mimi ni mwalimu wa Hisabati shule ya msingi hapa Ilemela, Mwanza. Asubuhi niko na darasa la sita na la saba, jioni nakaa na vijana wa kidato cha kwanza wanaotaka kuimarisha msingi wao. Nina jambo moja kuhusu maumbo na nitaliandika kwa kirefu, kwa sababu naona wazazi na walimu wengi tunalipita haraka. Mtoto anafika sekondari, anaambiwa athibitishe kitu kuhusu msambamba, na hajui pa kuanzia.

Jaribu hivi na mwanao leo. Mchoree mraba uliokaa vizuri kwa upande wake. Pembeni chora mraba uleule, ila umeuzungusha ukasimama kwa kona. Muulize, mraba ni upi? Darasani kwangu karibu wote wananyoosha kidole kwenye ule wa kwanza. Wa pili wanasema ni almasi. Pande nne zimebaki sawa, pembe nne zimebaki nyuzi 90, kilichogeuka ni namna mchoro ulivyokaa ubaoni. Mtoto huyo anautambua mraba kwa sura tu.

Sasa muulize la pili: je, mraba ni mstatili? Utasikia "hapanaaa" ya darasa zima. Kwa nini? "Kwa sababu mstatili ni mrefu." Huo urefu wameutoa kwenye michoro, maana kila mstatili waliowahi kuuona umechorwa mrefu umelala. Maana ya mstatili ni pembenne yenye pembe mraba nne, yaani za nyuzi 90, basi. Hakuna mahali panaposema upande mmoja lazima uzidi mwingine. Mraba una pembe mraba nne, kwa hiyo ni mstatili, tena mstatili uliotimiza sharti la ziada kwamba pande zote ziwe sawa. Huku kwetu naliweka hivi: kila sato ni samaki, lakini si kila samaki ni sato. Hapo hata yule wa nyuma kabisa anaelewa.

Ninachowafundisha ni kulihoji umbo kabla ya kulipa jina. Limefungwa au lina mwanya? Lina pande ngapi, na pande hizo zimenyooka? Kuna pande zilizo sambamba, na ni jozi ngapi? Zipi zina urefu sawa, zile zinazotazamana au zinazogusana? Pembe zake zikoje? Halafu lile swali ambalo vitabu vingi vinalipita upesi na mimi nalipenda kuliko yote: mishazari yake inafanyaje? Mshazari ni ule mstari unaotoka kona moja kwenda kona inayotazamana nayo. Je, mishazari miwili ni sawa kwa urefu? Inakatana katikati? Inakatana kwa pembe mraba?

Ukishapata majibu, jina linakuja lenyewe. Pembenne yenye jozi mbili za pande sambamba ni msambamba. Msambamba ukiwa na pembe mraba ni mstatili. Msambamba ukiwa na pande nne sawa ni rombasi. Umbo lililo mstatili na rombasi kwa wakati mmoja ni mraba. Nje ya ukoo wa msambamba kuna trapeza, yenye jozi moja ya pande sambamba, na tiara, ambayo pande zake zinalingana mbilimbili lakini zile zilizo sawa ndizo zinazogusana.

Karibuni tujadili. Walimu wenzangu, nyie mnalifundishaje?

#2 Nkwimba_wa_Magu

Mtoa mada, nakuheshimu, lakini hapa unatuletea shida. Mwanangu akikuta mchoro wa mraba kwenye mtihani akaandika "mstatili" atakoseshwa. Kwa nini nimfundishe kitu kitakachomkosesha alama?

#3 Mwl_Ilemela (mtoa mada)

Mkuu Nkwimba, hoja yako ni ya msingi. Kuna maswali mawili hapo na mtoto ajue kuyatofautisha. "Umbo hili linaitwaje?" linataka jina linalobana zaidi, lile linalobeba sifa zote anazoziona. Ajibu mraba. "Je, ni kweli kwamba kila mraba ni mstatili?" ni swali la uhusiano, na jibu lake ni ndiyo. Mtu akiuliza kilichomo kwenye beseni unamwambia sato, humwambii samaki, ingawa kusema samaki hujadanganya.

Kuna faida nyingine. Ukishathibitisha mara moja kwamba mishazari ya msambamba inakatana katikati, umemaliza kazi ya mstatili, rombasi na mraba, kwa sababu wote wamo ndani ya msambamba. Eneo nalo ni hivyohivyo: kitako mara kimo inafanya kazi kwa ukoo wote. Mtoto anayeona maumbo manne yasiyohusiana anakariri kanuni nne. Anayeona ukoo anakariri moja na kuelewa inakotoka.

#4 Malimbe_Chuoni

Niongezee kidogo, mimi nasomea ualimu. Huo mtazamo wa Nkwimba una historia ndefu. Euclid, yule Mgiriki aliyeandika jometri miaka kama 300 kabla ya Kristo, kwenye maelezo yake ya mwanzo aliyatenga kabisa. Mraba kwake ulikuwa na pande sawa na pembe mraba. Mstatili ulikuwa na pembe mraba lakini pande si sawa. Rombasi ilikuwa na pande sawa lakini pembe si mraba. Kwa hiyo kwa Euclid mraba haukuwa mstatili. Wanahisabati wa leo wameamua tofauti kwa sababu hiyohiyo aliyoitoa mwalimu: ukoo ukiingiana, uthibitisho mmoja unatosha.

Hata leo trapeza haijatulia. Vitabu vingine vinasema "jozi moja tu ya pande sambamba", vingine "angalau jozi moja". Ukichukua ya pili, msambamba nao unakuwa trapeza. Mwalimu, wewe unatumia ipi?

#5 Mwl_Ilemela (mtoa mada)

Darasani natumia "jozi moja tu" kwa sababu ndivyo wanavyokutana nayo vitabuni. Vijana wa sekondari nawaambia kwamba kuna njia mbili, na kwamba anayeandika lazima aseme mwanzoni anafuata ipi kisha asiyumbe. Mtoto wa kidato cha kwanza anaweza kabisa kulibeba hilo. Anajifunza kwamba maana ya umbo ni makubaliano ya watu, na yanayofuata baada ya makubaliano hayo si hiari tena.

#6 Fundi_Buhongwa

Mwangaluka mwalimu. Mimi ni fundi ujenzi, la saba sikufanya vizuri Hisabati lakini mishazari naijua, kazini tunaita kona kwa kona. Tukichora msingi tunapiga kwanza 3-4-5 kwenye kona moja: futi 3 huku, futi 4 huku, kamba ya kuunganisha ikitoa 5 kona imekaa skwea. Mwisho tunapima kona kwa kona. Zikiwa sawa nyumba iko skwea. Kwa hiyo hiyo ndiyo sifa ya mstatili?

#7 Mwl_Ilemela (mtoa mada)

Fundi, umeleta kitu kizuri, tukae hapa kidogo.

Hiyo 3-4-5 inafanya kazi kwa sababu 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, jumla 25, na 5 mara 5 ni 25. Pembetatu yoyote ambayo pande zake zinatimiza hesabu hiyo ina pembe mraba inayotazamana na upande mrefu. Ukiweza tumia 6-8-10 au 9-12-15, kwa sababu kamba fupi ikikosea nusu inchi, kosa hilo linakua kadiri ukuta unavyorefuka. Msingi wa futi 30 kwa 40 kona kwa kona inatakiwa itoe 50 kamili.

Sasa angalia hili. Kona kwa kona kuwa sawa peke yake haitoshi. Chukua kiwanja ambacho mbele ni futi 30, nyuma futi 36, mbele na nyuma ziko sambamba, na mbavu mbili zina urefu mmoja. Pima kona kwa kona: zinalingana kabisa. Lakini hiyo si nyumba ya skwea, ni trapeza. Kinachowaokoa mafundi ni kwamba kabla ya hapo mmeshapima mbele sawa na nyuma, na ubavu sawa na ubavu. Pande zinazotazamana zikiwa sawa umeshapata msambamba. Msambamba ukiwa na mishazari sawa, lazima ni mstatili, hauna pa kutokea. Hatua mbili, na hakuna inayotosha bila mwenzake.

Swali lako lina jibu sasa: mishazari sawa ni sifa ya kila mstatili, lakini kuna maumbo mengine nayo yanayo. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi watenganishe kati ya "mstatili una sifa hii" na "chenye sifa hii ni mstatili". Wengi wanadhani ni kauli moja.

#8 Fundi_Buhongwa

Hii ya trapeza nimeichora kwenye mfuko wa saruji nikapima kwa futi kamba, ni kweli kabisa. Nitawaonyesha vijana wangu saiti kesho.

#9 Mama_Pacha_Igoma

Mwalimu mimi nina pacha wako darasa la sita. Mmoja anashika haraka, mwingine ukimwambia kila mraba ni mstatili analia kabisa, anasema mnamchanganya. Nifanyeje? Nimwache akue?

#10 Malimbe_Chuoni

Mama, usimwache. Kuna walimu wawili wa Uholanzi, mume na mke, Pierre van Hiele na Dina van Hiele-Geldof. Mwaka 1957, Chuo Kikuu cha Utrecht, waliwasilisha tasnifu zao kuhusu jinsi watoto wanavyoelewa jometri. Walieleza hatua. Ya kwanza mtoto anatambua umbo kwa sura nzima: "ni mstatili kwa sababu linafanana na mlango". Ya pili anaanza kutaja sifa, pande hivi, pembe vile, lakini kila umbo kwake linasimama peke yake. Ya tatu ndipo anaona kwamba sifa moja inazaa nyingine na umbo moja linaingia ndani ya jingine. Mbele zaidi ndiko kwenye uthibitisho wenyewe.

Walichosisitiza ni kwamba mtoto havuki hatua kwa kuongezeka umri tu, anavuka kwa kazi anazopewa. Mwalimu aliyeko hatua ya tatu akiongea na mtoto aliyeko ya kwanza, wanatumia maneno yaleyale lakini hawaelewani. Huyo pacha wako pengine yuko kati ya ya kwanza na ya pili. Mpe maumbo ayashike kwa mikono kwanza.

#11 Mwl_Ilemela (mtoa mada)

Naunga mkono. Mama Pacha, fanya hivi. Chukua mirija ya soda, kata minne yenye urefu mmoja, pitisha uzi ndani yake yote na ufunge. Umepata pembenne ya pande nne sawa. Iweke mezani ikae mraba, kisha mwambie asukume kona moja taratibu. Italala, itakuwa rombasi nyembamba, ataisimamisha tena iwe mraba. Muulize: nini kimebadilika? Pembe. Nini hakijabadilika? Pande. Basi mwambie, vyote hivi ni rombasi, na pale katikati pembe zinapofika nyuzi 90 tunapaita mraba. Mkono wake umeshaupitia mraba ukiwa mmoja kati ya rombasi nyingi, na huna haja ya kubishana naye.

Halafu akate miwili mirefu na miwili mifupi, aifunge ile mirefu itazamane. Atapata misambamba mingi, na mmoja tu kati yake ni mstatili. Akiifunga ile mirefu igusane, amepata tiara. Mirija ni ileile minne, kilichobadilika ni mpangilio. Hapo ndipo tofauti ya msambamba na tiara inapoingia kichwani isitoke.

Mwisho afunge mirija mitatu. Asukume. Haitikisiki.

#12 Fundi_Buhongwa

Ndiyo maana kenchi za paa zinapigwa pembetatu! Na geti la chuma lisipowekewa kipande cha mshazari linalala upande mmoja baada ya muda.

#13 Mwl_Ilemela (mtoa mada)

Hasa, fundi. Pande tatu zikishajulikana, pembe zake zimejifunga, hakuna pembetatu nyingine unayoweza kutengeneza kwa pande hizo. Pembenne haina bahati hiyo, ndiyo maana unaitia mshazari ili uigeuze kuwa pembetatu mbili. Anayepita daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilometa 3 lililozinduliwa Juni 2025, atazame nguzo, nyaya na sakafu ya daraja: kila waya unachora pembetatu. Nawaambia watoto wanaokwenda Sengerema wazihesabu wakiwa kwenye basi.

#14 mvuvi_kayenze

Wakuu nimekuwa nasoma kimya. Mwalimu ameongelea rombasi ya mirija, mimi nikawaza wavu. Jicho la wavu wa makila lina pande nne sawa, fundo kila kona. Ukiuvuta linafunga, ukiulegeza linafunguka. Hiyo ni rombasi au mraba?

#15 Mwl_Ilemela (mtoa mada)

Kaka, umenipa somo la wiki nzima. Ni rombasi daima, na mara chache inapita kwenye mraba. Tufanye hesabu yake. Wavu wa inchi 6, hiyo 6 mnaipimaje?

#16 mvuvi_kayenze

Tunavuta jicho mpaka linafunga kabisa, tunapima kutoka fundo la huku hadi fundo la kule. Na tukishona kwenye kamba ya maboya tunaushika kwa nusu: wavu ambao ukivutwa ni mita 100 tunaumalizia kwenye kamba ya mita 50.

#17 Mwl_Ilemela (mtoa mada)

Vizuri sana. Wazazi wenye vijana wa sekondari waiteni wasome hapa.

Jicho likivutwa likafunga, pande mbili zimelala kwenye mstari mmoja. Kwa hiyo inchi 6 ni pande mbili, na kila upande ni inchi 3. Hiyo 3 haibadiliki maisha yote ya wavu. Kinachobadilika ni mishazari miwili, wa kulala na wa kusimama. Kwenye rombasi mishazari inakatana katikati na kwa pembe mraba, kwa hiyo inaigawa rombasi kuwa pembetatu mraba nne zilizo sawa, kila moja ikiwa na upande mrefu wa inchi 3. Kutokana na hapo, mshazari wa kulala ukizidishwa wenyewe kwa wenyewe, ukajumlisha na wa kusimama uliozidishwa hivyohivyo, jumla ni 36 daima.

Ukishika wavu kwa nusu, mshazari wa kulala ni nusu ya 6, yaani inchi 3. Tazama kilichotokea: mshazari huo ni sawa na pande za jicho! Basi kila jicho ni pembetatu sawa mbili (kila moja ina pande tatu sawa) zilizounganishwa, moja inatazama juu na nyingine chini, na pembe za jicho ni nyuzi 60 na 120. Urefu wa kusimama ni kipeuo cha pili cha 27, karibu inchi 5.2.

Tuseme umeutandaza zaidi kidogo, mita 60 kwa kila 100. Mshazari wa kulala unakuwa inchi 3.6, na wa kusimama 4.8. Nusu zake ni 1.8 na 2.4, na upande ni 3. Gawanya zote kwa 0.6 utaona 3, 4, 5. Ile ya fundi imetokea ziwani.

Na upana wa mlango wa jicho? Eneo la rombasi ni mishazari miwili ikizidishwa kisha igawanywe kwa 2. Kwa nusu ni karibu inchi za mraba 7.8. Kwa 60 ni 8.64. Jicho likiwa mraba kamili, mishazari yote miwili ni karibu 4.24, eneo ni 9. Hutapata zaidi ya 9 hata ufanyeje. Kati ya rombasi zote zenye upande mmoja, mraba ndio wenye eneo kubwa kuliko zote. Mtoto anayeona mraba na rombasi kama vitu viwili tofauti hawezi hata kuliuliza swali hili.

#18 mvuvi_kayenze

Mwalimu, miaka yote nashona nyavu sikujua kuna pembetatu sawa mle ndani. Nimechukua kipande nikakishika kwa nusu, nikaweka kijiti kati ya mafundo mawili ya pembeni. Ni urefu uleule wa upande. Asante sana.

#19 Kijana_Nyegezi

Shikamoo mwalimu, shikamooni wote. Niko kidato cha pili. Mimi nachanganyikiwa kwenye pembetatu. Kuna wakati tunaambiwa tupange kwa pande, wakati mwingine kwa pembe. Ipi ni sahihi?

#20 Mwl_Ilemela (mtoa mada)

Marahaba mwanangu. Zote mbili, kwa sababu ni maswali mawili. Kwa pande: zote tatu sawa, mbili sawa (pacha), au zote tofauti. Kwa pembe: zote kali, moja ikiwa mraba, au moja ikiwa butu. Chora jedwali, pande juu, pembe ubavuni, utapata visanduku tisa. Jaribu kukijaza kila kimoja kwa mchoro. Viwili vitakataa: pembetatu ya pande tatu sawa haiwezi kuwa na pembe mraba wala butu, kwa sababu jumla ni nyuzi 180 na kila pembe inapata 60. Saba zilizobaki zote zipo. Ile ambayo ni pacha na pia ina pembe mraba, nyuzi 45, 45 na 90, utaipata ukikata mraba kwa mshazari.

Kabla ya yote hakikisha pande zinafunga. Njiti za ufagio za sentimita 3, 4 na 8 hazitengenezi pembetatu hata uzipindue vipi, maana 3 na 4 hazifikii 8.

#21 Nkwimba_wa_Magu

Mtoa mada, la mraba nimeanza kukuelewa, ingawa bado nataka mitihani iwe wazi. Na maumbo ya ujazo? Ndoo, tofali, mpira? Binti yangu aliniuliza lile jiwe la Bismarck pale karibu na kivuko cha Kamanga ni umbo gani, nikakosa jibu.

#22 Mwl_Ilemela (mtoa mada)

Mwambie binti yako ameuliza vizuri, na jibu ni kwamba halina jina kwenye Hisabati. Majina tumeyaweka kwa maumbo yenye sifa zinazojirudia. Jiwe lile lina nyuso zake lenyewe.

Kwa maumbo ya ujazo njia ni ileile, ila maswali yanahamia kwenye nyuso, kingo na vipeo (yaani kona). Tofali ni mche mstatili: nyuso 6, kingo 12, vipeo 8. Mche mraba una hesabu hiyohiyo, nyuso zake zikiwa miraba, kwa hiyo nao ni aina ya mche mstatili. Piramidi yenye kitako cha mraba ina nyuso 5, kingo 8, vipeo 5. Jumlisha vipeo na nyuso, toa kingo: kwa maumbo kama haya, ya nyuso bapa na yasiyo na tundu, unapata 2 mara zote. Leonhard Euler wa Uswisi ndiye aliyeiandika hiyo karne ya 18. Ndoo na mpira vina nyuso zilizopinda, hivyo mpe kwanza vile vyenye nyuso bapa. Mengine yanastahili uzi wake.

#23 Mama_Pacha_Igoma

Nimerudi. Mirija imefanya kazi! Yule aliyekuwa analia ndiye sasa anamfundisha mwenzake. Naomba zoezi la kuwapa Jumamosi.

#24 Mwl_Ilemela (mtoa mada)

Hongera mama, na hongera kwake. Wape mchezo wa "daima, pengine, kamwe". Unasoma kauli, wanachagua neno moja na lazima watoe sababu au mchoro. Rombasi ni msambamba. Mstatili ni mraba. Pembetatu ina pembe butu mbili. Trapeza ina pembe mraba mbili. Pembenne ina pembe mraba tatu tu. Hiyo ya mwisho watakaa nayo. Usiwape jibu mapema, wakumbushe tu kwamba pembe za pembenne jumla yake ni nyuzi 360.

Wakimaliza wape hili gumu zaidi, na Kijana wa Nyegezi naye ajaribu: pembenne ambayo mishazari yake ni sawa kwa urefu na inakatana kwa pembe mraba, lazima iwe mraba? Wachukue vijiti viwili vya sentimita 10, wavipishanishe kwa pembe mraba, waunganishe ncha nne kwa penseli.

#25 Kijana_Nyegezi

Mwalimu, nimejaribu. Vikikatana katikati vyote, 5 kwa 5, unapata mraba. Lakini kimoja nikikikata katikati na kingine kwenye 3 na 7, napata tiara. Vyote vikikatana kwenye 3 na 7, napata trapeza, ile yenye mbavu sawa. Kwa hiyo jibu ni hapana, lazima pia ikatane katikati.

#26 Mama_Pacha_Igoma

Na hawa wangu wamekata kimoja kwenye 2 na 8, kingine kwenye 3 na 7. Wanabishana. Mmoja anasema ni trapeza iliyopinda, mwingine anasema haina jina.

#27 Mwl_Ilemela (mtoa mada)

Kijana, safi kabisa. Mama, aliyesema haina jina yuko sahihi. Wamwambie mwenzao aweke rula kwenye kila jozi ya pande zinazotazamana aone kama kuna zilizo sambamba. Hakuna. Kisha apime pande nne aone kama kuna mbili zilizo sawa. Hakuna. Ni pembenne tu, yenye mishazari sawa inayokatana kwa pembe mraba.